Kitabu cha Mtoto Husomwa na Wawili

Tangu hadithi za watoto zilipoongezwa katika Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, nimekuwa nikisikia jambo moja likirudiwa katika mazungumzo ya waandishi na walimu hapa Dar es Salaam. Nyanja hiyo inapokewa kama kiti cha pembeni. Riwaya na ushairi ndiyo kazi ya wakubwa, hadithi za watoto ni mahali pa kujifunzia. Mwandishi mmoja kijana aliniambia ataanza na kitabu cha watoto ili apashe misuli, kisha aandike kitabu chenyewe. Mwalimu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alisema ni habari njema kwa shule, akaishia hapo. Wote wawili wana nia njema, na kwa maoni yangu wamekosea mahali pamoja. Kitabu kizuri cha picha, hasa kile kinachokusudia kutia moyo, kina wasomaji wawili kwa wakati mmoja: mmoja anatazama na kusikiliza, mwingine anasoma kwa sauti. Mwandishi akimsahau yeyote kati yao, ameandika nusu ya kitabu. Kwa hiyo kitabu cha watoto kinapomgusa mtu mzima hakijapotea njia wala hakijabahatisha. Kimefika kilikokuwa kinakwenda.

Turudi nyuma kidogo, maana Kiswahili kinalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1858 Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia. Anayeambiwa ni msichana. Anaitwa asogee, akae, ashike wino na karatasi. Lakini utenzi huo umesomwa na kughaniwa na watu wazima kwa zaidi ya miaka 160, na sijapata kusikia mtu akijitetea kwamba anasoma maneno ya mtoto. Shaaban Robert alipita njia hiyo hiyo alipomwandikia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati, na mwanawe Hussein Utenzi wa Adili. Mzazi humwambia mtoto yale ambayo mtu mzima mwenzake asingevumilia kuambiwa usoni, na mtu mzima anayesikiliza kando hupata fungu lake bila kuaibishwa. Ngano za jioni zilikwenda vivyo hivyo. Bibi alimsimulia mjukuu habari za sungura na fisi, huku jirani amekaa mkekani na mkwe yuko mlangoni anapepea moto, na kila mmoja alijua fisi wake ni nani.

Picha nazo tunazisingizia. Wapo wanaoamini kwamba mtu mzima akishika kitu chenye maneno machache na picha kubwa amejishusha. Mji huu unawakanusha kila asubuhi. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina: picha iliyozungushiwa mpaka, na chini yake mstari mmoja wa maneno. Wanawake wazima wameutumia mstari huo kusemea ndoa, wivu, shukrani na msiba, mambo ambayo riwaya nzima huhangaika nayo. Enzi za Azimio la Arusha, wasomaji wa gazeti la Uhuru walimfuatilia Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory, na baadaye jarida la katuni la Sani lilipitishwa mkono kwa mkono na watu wenye ndevu zao. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, akauza pale Morogoro Stores, Oysterbay, picha alizozichora kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Chui wake mwenye macho makubwa angeweza kukaa katika kitabu cha mtoto yeyote, na waliomnunua walikuwa watu wazima. Jicho letu halijawahi kuwa na umri. Tumelipa umri hivi karibuni tu, na nadhani najua tulikofanyia hivyo.

Tulifanyia darasani. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, tulipata heri ambayo nchi nyingi za Afrika hazijaipata mpaka leo, lakini kitabu cha watoto kikapata mteja mmoja mkubwa, shule. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 ulifanya kazi kubwa kwa kuwanunulia wachapishaji sehemu ya nakala zao na kuzipeleka mashuleni. Bila juhudi hizo, vingi kati ya vitabu tulivyo navyo visingechapwa. Ninalisema hili kwa shukrani. Hata hivyo, mnunuzi akiwa shule, kitabu hujifunza kusema kama shule. Hadithi inaisha, unafungua ukurasa wa nyuma, unakuta maswali: Je, umejifunza nini? Taja tabia tatu njema za Asha. Mtoto anaelewa upesi kwamba hadithi ni mtihani uliovaa nguo nzuri, na mzazi anayemsomea anageuka msimamizi wa mtihani. Hakuna kati yao anayesoma tena. Mmoja anajibu, mwingine anasahihisha.

Mwaka jana nilinunua kijitabu kimoja cha picha. Sitakitaja jina, maana nisingependa makala haya yageuke tangazo. Maneno yake hayafiki 300. Babu na mjukuu wako ufukweni, wanatengeneza mashua ya zamani, na kila siku mtoto anauliza swali lile lile: “Babu, leo itaelea?” Babu hajibu. Anampa kazi: shika pamba, chovya kwenye mafuta, jaza mwanya huu. Kukalafati chombo ni kazi ya subira. Pamba husukumwa katikati ya ubao na ubao kwa patasi na nyundo, kidogo kidogo, na ukifanya haraka bahari itakuumbua. Basi, ukurasa kwa ukurasa, bila neno hata moja kulitaja, vile vyombo vya kazi vinahama. Mwanzoni patasi na nyundo viko kwa babu. Katikati babu ana patasi, mtoto ana nyundo. Karibu na mwisho vyote viko kwa mtoto, na mkono wa babu umelala gotini, vidole vimechorwa kwa mistari miwili miwili, kama kitu kinachotikisika. Siku ya kushusha chombo majini, mashua inaelea. Na inavuja. Picha ya mwisho mtoto ameshika usukani kwa mkono mmoja, kwa mwingine anafua maji kwa kopo la rangi, na babu amekaa mbele, mgongo kwetu, uso baharini.

Nilimsomea mpwa wangu wa miaka sita, nyumbani Tabata, mama yangu akiwa kando anachagua mchele kwenye ungo. Mtoto alikuwa akimtafuta paka, maana katika kila ukurasa mchoraji kamficha paka mahali anadokoa dagaa. Nilipofika kwenye ule mkono uliolala gotini, mama akasema, “Hebu rudisha, baba.” Nikarudisha. Akauweka ungo chini.

“Huyu mzee anamwachia,” akasema.

Mpwa wangu akadakia, “Anamwachia nini, bibi?”

“Mashua, mama.”

“Na paka?”

“Na paka.”

Sina hakika nimewahi kusikia uhakiki mfupi kuliko huo ulio sahihi zaidi. Mtoto alisoma kitabu cha paka na mashua, mama yangu akasoma kitabu cha uzee na urithi, na vitabu hivyo viwili vilikuwa kimoja, chenye jalada moja. Hakuna aliyesoma juu ya kichwa cha mwenzake. Ufundi huu una sheria zake, na anayedhani ni mazoezi ya kupasha misuli ajaribu. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu ya namna karatasi kubwa ya kiwandani inavyokunjwa ikatoa kurasa 16 kila moja. Ondoa ukurasa wa jina na ule wa hakimiliki, unabakiwa na mifunuo, yaani kurasa mbili mbili zinazotazamana, isiyozidi 15. Kila mfunuo una mlango, yaani pale mkono unapokamata kona ya karatasi kabla ya kuigeuza, na mwandishi anapaswa kujua anachoacha nyuma ya mlango huo. Halafu kuna sheria ngumu kuliko zote: maneno yasiseme kile ambacho picha imekwisha kusema. Lau mwandishi wa ile mashua angeandika “babu alikuwa amezeeka na mikono yake ilitetemeka”, mama yangu asingekuwa na cha kugundua, na ungo ungebaki mapajani.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwenye hili neno la kutia moyo, maana ndilo linaloharibiwa zaidi. Ukipita kando ya barabara pale Posta au Mwenge utaona vitabu vya hamasa vimetandazwa juu ya turubai, vingi vikiwa tafsiri au nakala zilizodurufiwa za vitabu vya Marekani kuhusu fedha na mafanikio. Siwadharau wanaovinunua. Kijana anayetoa shilingi elfu tano baada ya kutwa nzima juani ana kiu ya kweli, na ni wajibu wetu kujiuliza kwa nini hakuona kingine cha kuituliza. Lakini vitazame vitenzi vyake: amka, thubutu, jiamini, acha visingizio. Vyote ni amri. Na nyuma ya amri kuna ahadi: ukifanya hivi na hivi utafika. Usipofika, kosa ni lako, hukuamini vya kutosha. Lugha yetu inasema moyo hutiwa, kama maji yanavyotiwa mtungini, na hakuna aliyewahi kuujaza mtungi kwa kuufokea. Kitabu cha picha kilichoandikwa vizuri hakiwezi kuahidi uongo hata kikitaka, kwa kuwa msomaji wake mdogo anakagua kila kitu kwa kidole. Akiambiwa mashua ni nzima, ataonyesha yale maji yaliyo sakafuni. Ile picha ya mtoto anayefua maji huku akishika usukani haimwahidi mtu kuwa mambo yatakuwa mepesi. Inamwonyesha mtu anayekwenda na chombo kinachovuja. Nakijua kitabu kimoja tu cha hamasa cha watu wazima kilichothubutu kusema ukweli huo, na hata hicho kilihitaji kurasa 200.

Sasa tuzitazame hoja za upande wa pili, na si zote nyepesi. Wapo wanaosema mtu mzima akiketi na kitabu cha picha amerudi nyuma, na kwamba taifa lisilosoma riwaya halipaswi kufarijiwa kwa vijitabu. Nawaelewa wanakotoka. Ni watu wanaopenda riwaya na wanaona maduka yake yakifungwa. Ila nawakumbusha kwamba mwaka 1970 nchi hii iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu walikwenda jioni kukalia madawati yale yale waliyokalia watoto wao asubuhi, magoti yakigonga mbao, wakasoma silabi kwa sauti mbele ya majirani. Hatukuiita hali hiyo kurudi nyuma. Tuliitungia nyimbo. Leo mji huu wenye watu zaidi ya milioni 5 una akina baba na akina mama wengi waliomaliza darasa la saba na tangu hapo hawajashika kitabu zaidi ya Kurani, Biblia au daftari la madeni. Kitabu cha maneno 300 anachoweza kukisoma hadi mwisho jioni moja, mtoto wake akiwa ameegemea bega lake, ni mlango uliowekwa kwenye kimo chake. Anayetaka watu hao wafike kwenye riwaya aanzie hapo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema watoto walindwe na mambo mazito: kifo, uzee, hasara, kushindwa. Inatolewa kwa upole, na ndiyo maana inaachwa ipite. Mtoto gani wa Dar es Salaam analindwa na hayo? Msiba ukitokea mtaani, turubai hufungwa katikati ya njia, na watoto ndio wa kwanza kukimbia kati ya viti. Mtoto wa Jangwani ameona Mto Msimbazi ukiingia chumbani na kuondoka na magodoro. Ameona mama yake akianza biashara upya baada ya meza yake kuondolewa. Kumwandikia mtoto huyo kitabu ambamo kila mtu anatabasamu na kila tatizo linakwisha ukurasa wa 24 hakumlindi na chochote. Kunamfundisha kwamba yanayompata hayafai kuandikwa. Nao wakubwa wanaomsomea wanajua hivyo, na ndiyo sababu wanasoma kwa sauti kavu ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

Hoja mbili ninazikubali kwa sehemu kubwa. Ya kwanza ni bei. Picha za rangi zinahitaji karatasi nzito na wino wa rangi nne, na kile kijitabu cha mashua kilinigharimu shilingi 12,000, pesa ambayo nyumba nyingi huipeleka sokoni kwanza, na zina haki. Yako madarasa ambamo watoto bado wanagawana kitabu cha kiada, na mtu anaweza kuuliza kwa nini tuzungumzie mkono wa babu uliotetemeka. Sina jibu litakaloshusha bei ya wino. Ninachosema ni kwamba hesabu tunayofanya haijakamilika. Kitabu kinachoulizwa “umejifunza nini” husomwa mara moja. Kitabu chenye paka kwa mtoto na mkono kwa bibi kimesomwa kwetu mara nyingi kiasi kwamba mgongo wake umeachia gundi. Na nakala moja ya kitabu cha namna hiyo ikiwekwa Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967 pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au kwenye maktaba ya shule ya kata ambayo mzazi anaruhusiwa kuingia, bei hiyo inagawanywa kwa familia nyingi. Tatizo liko kwenye mpango wa ununuzi kuliko kwenye picha.

Ya pili ni nzito zaidi, na inanihusu mimi na wenzangu tunaokisifu kitabu cha picha. Ikiwa mtu mzima ndiye anayelipa, na sasa tunamwambia kwamba kitabu ni chake pia, basi waandishi watamwandikia yeye. Mtoto atabaki kisingizio. Nimeviona vitabu vya hivyo: picha ya machweo, kando yake sentensi tamu inayofaa kuwekwa kwenye hali ya WhatsApp, hakuna anayefanya kitu, hakuna paka. Mtu mzima anapiga picha ukurasa na kuutuma. Mtoto ameshaondoka ukurasa wa tatu. Hiyo ni khiana, na kipimo chake ni rahisi: je, mtoto anakidai tena kesho? Asipokidai, basi ni kadi ya pongezi iliyoshonwa. Naisisitiza hoja hii kwa sababu ile habari ya wasomaji wawili haimaanishi nusu kwa nusu. Mtoto ndiye mwenye nyumba, mtu mzima ni mgeni aliyekaribishwa vizuri.

Tukikubaliana hivyo, mambo kadhaa yanafuata, na yanawahusu watu wenye uwezo wa kuyafanya. Waamuzi wa nyanja ya hadithi za watoto, popote pale, hawawezi kusoma mswada kimya kimya mezani kama wanavyosoma riwaya. Usomwe kwa sauti mbele ya watoto wenyewe, mbele ya walezi wao pia, na waamuzi watazame ni wapi mtoto ameinama na ni wapi mama ameacha alichokuwa anafanya. Wachapishaji waujaribu uamuzi mdogo wa kuondoa ukurasa wa maswali katika vitabu vya hadithi na kuyaacha maswali hayo kwenye vitabu vya kiada, ambako yameandaliwa nafasi yake. Walimu wapewe dakika kumi kwa siku za kusoma bila kuuliza, na wakaguzi wasiziandike kuwa ni uzembe.

Na kuna mchoraji. Tuzo yetu ni ya uandishi, ndivyo jina lake lisemavyo, kwa hiyo silaumu chochote hapo. Lakini katika ile mashua, nusu ya kitabu, nusu iliyomfanya mama yangu aweke ungo chini, haikuandikwa na mwandishi. Ilichorwa. Tuzo ya kimataifa ya Hans Christian Andersen ilianza mwaka 1956 ikiwatunza waandishi peke yao, na ilichukua miaka 10, hadi 1966, kuongeza ya wachoraji. Sisi tunaweza kufupisha safari hiyo. Vijana wanaojua kuchora tunao, kuanzia wale wa Morogoro Stores hadi wanaochora katuni kwa simu wakiwa ndani ya daladala, na wengi wao hulipwa mara moja, kwa kazi nzima, bila asilimia yoyote ya mauzo. Wiki hii nilikifungua tena kile kijitabu kutafuta jina la mtu aliyeuchora ule mkono. Jalada lina jina la mwandishi tu. Nyuma kuna bei. Nililikuta ukurasa wa pili, chini ya anwani ya kiwanda cha uchapaji, kwa herufi ndogo kuliko zote zilizomo, na ilibidi nimwombe mama miwani yake ili nilisome.